Mtu mmoja ndani ya 134,327

Pale Bunda mjini, kando ya barabara kuu itokayo Mwanza kwenda Musoma, mama muuza nyanya hupanga mafungu yake asubuhi kabla jua halijawa kali. Hupanga nne nne au tano tano, kulingana na ukubwa wa nyanya na bei ya siku hiyo. Akimaliza, mara nyingi hubaki moja au mbili zisizotosha fungu. Hizo huziweka pembeni, na mteja akinunua mafungu mawili hupewa moja ya nyongeza. Huenda mama huyu hajawahi kuiita kazi yake hisabati, lakini swali analolijibu kila siku ni la kale kuliko vitabu: nilivyo navyo vinagawanyika kwa ngapi, na kinabaki nini?

Swali hilohilo nimeliuliza kwa namba isiyoenea kwenye kikapu chochote: 134,327. Laki moja, thelathini na nne elfu, mia tatu ishirini na saba. Ndiyo idadi ya watu waliohesabiwa katika Manispaa ya Musoma kwenye Sensa ya Watu na Makazi ya usiku wa kuamkia 26 Agosti 2012. Nilitaka kujua kama watu hao wote, kuanzia wachuuzi wa dagaa wa Mwigobero hadi wakazi wa Makoko, wangeweza kupangwa mafungu sawasawa asibaki hata mmoja.

Jibu lilinichukua jioni mbili na kurasa kadhaa za daftari. Nalo ni fupi: hawapangiki. Uwapange wawili wawili, watatu watatu, saba saba, mia mia, daima kuna atakayebaki. Fungu pekee linalokubali ni la wote kwa pamoja, au kila mtu peke yake. Mji wa Musoma, usiku ule, ulikuwa namba tasa.

Tasa zinazozaa

Kiswahili kiliteua neno kali kuziita namba hizi. Tasa ni asiyezaa, na wengi wetu tunajua uchungu wa neno hilo linapotamkwa juu ya binadamu. Darasani tulifundishwa kwamba namba tasa ni ile isiyogawanyika ila kwa moja na kwa yenyewe: 2, 3, 5, 7, 11, 13 na kuendelea. Zikaonekana kama namba kavu, zisizo na watoto.

Ukweli ni kinyume chake. Namba nyingine zote nzima zilizo kubwa kuliko moja zimezaliwa na hizo. Sita ni 2 mara 3. Arobaini na tano ni 3 mara 3 mara 5. Ukichukua namba yoyote ukaigawa, ukaigawa tena, hadi isigawanyike, utaishia kwenye namba tasa, na orodha utakayoipata ni moja tu, hata uanzie wapi. Kila namba ina ukoo wake, na hakuna namba mbili tofauti zenye ukoo uleule.

Mwanahisabati Euclid alizichunguza namba hizi yapata mwaka 300 kabla ya Kristo, katika mji wa Alexandria, Misri. Alithibitisha kwamba namba tasa hazina mwisho: hata ukusanye ngapi, ipo nyingine nje ya kapu lako. Napenda kukumbuka kwamba Alexandria iko kando ya delta ya Mto Nile, na kwamba maji ya Mto Mara, yakishapita chini ya daraja la pale Kirumi na kuingia Ziwa Victoria, yako safarini kuelekea delta hiyo.

Ziwa jingine la ukanda wetu lina ushahidi wa kale zaidi. Mwaka 1950, kwenye ufukwe wa Ziwa Edward huko Ishango, mashariki mwa Kongo, mtafiti Jean de Heinzelin wa Ubelgiji alifukua mfupa mdogo wenye alama zilizochanjwa kwa mpangilio. Unakadiriwa kuwa na umri wa miaka 20,000 hivi. Katika safu moja alama zimekusanywa kwa mafungu ya 11, 13, 17 na 19, yaani namba tasa zote zilizo kati ya 10 na 20. Wataalamu hawajaafikiana: wapo wanaoona hesabu ya namba, na wapo wanaoona kalenda ya mwezi. Lisilo na ubishi ni kwamba mtu wa maziwa haya alikaa chini, akachanja alama zake kwa mafungu.

Milango 72

Utajuaje kwamba 134,327 ni tasa bila kujaribu kila namba iliyo chini yake? Kuna njia ya mkato anayoweza kuielewa mtoto wa darasa la saba. Tuseme watu wa Musoma wanapangika katika mafungu sawa. Idadi ya mafungu mara ukubwa wa fungu lazima ilete 134,327. Sasa, 366 mara 366 ni 133,956, na 367 mara 367 ni 134,689, ambayo imeshapita. Kwa hiyo idadi ya mafungu na ukubwa wa fungu haviwezi kuwa vyote vikubwa kuliko 366. Kimoja lazima kiwe kidogo. Na kila kidogo kina ukoo wa namba tasa. Inatosha basi kubisha hodi kwenye namba tasa zote zisizozidi 366. Ziko 72.

Milango ya kwanza hujifunga yenyewe. Namba inaishia na 7, kwa hiyo ni witiri na haigawanyiki kwa 2, wala kwa 5. Tarakimu zake, 1, 3, 4, 3, 2 na 7, zina jumla ya 20, na 20 haigawanyiki kwa 3, hivyo nayo haigawanyiki. Kwa 7 wanabaki watu wanne. Kwa 11 wanabaki sita. Kisha kazi inakuwa ya mikono.

Ipo milango miwili iliyonishtua. Nilipofika 47 nilipata 47 mara 2,858, sawa na 134,326: alibaki mtu mmoja tu. Nilipofika 193 nilipata 193 mara 696, sawa na 134,328: amepungua mtu mmoja tu. Niliweka kalamu chini kwa muda. Nikaendelea hadi mlango wa mwisho, 359, wakabaki watu 61. Hapo ndipo nilipokuwa na haki ya kuandika neno tasa.

Huu si muujiza, wala si ishara ya bahati au nuksi kwa Musoma. Miongoni mwa namba zenye ukubwa wa namna hiyo, takriban moja katika kila 12 ni tasa. Mkoa wa Mara, ambamo Musoma imo, ulihesabiwa kwa wilaya saba, na uwezekano wa kupata angalau moja yenye idadi tasa unakaribia ule wa kurusha shilingi. Mwaka ule shilingi iliiangukia Musoma.

Bunda na Butiama

Majirani wa Musoma ni wa tabia nyingine kabisa. Wilaya ya Bunda, kwa mipaka ya wakati huo, ilikuwa na watu 335,061. Jumlisha tarakimu zake unapata 18, nayo inagawanyika kwa 9. Hivyo watu wote wa Bunda wangeweza kupangwa mafungu tisa ya watu 37,229 kila moja, asibaki mtu. Ukiendelea kuchimba, 37,229 ni 59 mara 631. Ukoo wa Bunda ni 3, 3, 59 na 631.

Butiama, wilaya iliyokuwa ndiyo kwanza imeanzishwa, ilikuwa na watu 241,732. Namba shufwa. Tarakimu mbili za mwisho, 32, zinagawanyika kwa 4, basi na namba nzima inagawanyika kwa 4, na kila fungu ni 60,433. Hapo ndipo ilipokuwa ngumu. Niliijaribu kwa 7, kwa 11, kwa 13, nikapita 100, nikapita 200, ikawa bado haifunguki. Nilikuwa karibu kuandika kwamba ni tasa. Nilipojaribu 223 ikafunguka: 223 mara 271. Zote mbili ni tasa.

Mwanafunzi akipewa 223 na 271 azizidishe, dakika moja inamtosha. Akipewa 60,433 na kuulizwa imetoka wapi, anaweza kumaliza jioni nzima. Kwenda ni rahisi, kurudi ni kazi. Mwaka 1977 wataalamu Rivest, Shamir na Adleman, wakiwa Marekani, waliitumia tofauti hiyo kutengeneza kufuli la siri: chukua namba mbili tasa kubwa sana, zizidishe, tangaza jibu hadharani, wazazi wake wafiche. Leo makufuli ya aina hiyo, yenye namba za tarakimu zaidi ya 600, hulinda mawasiliano ya intaneti, yakiwemo ya benki. Ugumu nilioukuta kwa Butiama kwenye daftari ndio huohuo, umekuzwa hadi kompyuta nazo zishindwe.

Hesabu ya kulinda hesabu

Namba ya watu ikikosewa, aliyekosewa ni mtu. Zahanati hupangwa kwa namba hiyo, na hata madawati. Kwa hiyo inafaa kila mwananchi ajue njia ya kuikagua jumla kwa penseli tu, na njia hiyo ipo tangu zamani. Inaitwa kutupa tisa.

Siri yake ni hii. Ukigawa 10 kwa watu tisa, kila mmoja anapata moja na inabaki moja. Ukigawa 100, kila mmoja anapata 11 na inabaki moja. Ukigawa 1,000, kila mmoja anapata 111, na inabaki moja tena. Ndiyo maana jumla ya tarakimu za namba inakuambia baki lake kwa tisa, bila kugawanya.

Tuijaribu kwa Mara ya 2012. Musoma Manispaa 134,327, jumla ya tarakimu 20, ukizijumlisha tena 2. Butiama 241,732, inakuwa 19, kisha 10, kisha 1. Bunda 335,061, inakuwa 9. Rorya 265,241, inakuwa 2. Serengeti 249,420, inakuwa 3. Tarime 339,693, inakuwa 6. Musoma Vijijini 178,356, inakuwa 3. Jumlisha hizo saba: 26. Sasa tazama idadi ya mkoa mzima iliyotangazwa: 1,743,830. Jumlisha tarakimu zake: 26. Zimekubaliana.

Lakini kutupa tisa kuna upofu wake. Karani akibadilisha nafasi za tarakimu mbili, akaandika 143,327 badala ya 134,327, jumla ya tarakimu inabaki 20, na watu 9,000 wasiokuwepo wanaingia Musoma bila kipimo kushtuka. Hapo inatumika namba 11. Anzia kulia: jumlisha tarakimu ya kwanza, toa ya pili, jumlisha ya tatu, toa ya nne. Inawezekana kwa sababu 10 imepungukiwa na moja kufika 11, 100 imeizidi 99 kwa moja, na 1,000 imepungukiwa na moja kufika 1,001. Kwa 134,327 utapata 6. Kwa ile iliyokosewa utapata 8. Mwizi amekamatwa. Na kwa mkoa mzima, 1,743,830, utapata sifuri, maana yake inagawanyika kwa 11 bila baki. Ukoo wake ni 2, 5, 11, 83 na 191.

Mkoa na taifa, 2022

Miaka kumi baadaye, usiku wa kuamkia 23 Agosti 2022, makarani walipita tena, safari hii wakiwa na vishikwambi. Mara ilikuwa na watu 2,372,015, ongezeko la watu 628,185. Kati ya sensa hizo mbili zilipita siku 3,649, kwa hiyo wastani ni watu 172 kwa siku, ukishajumlisha waliozaliwa na waliohamia, na kutoa waliofariki na waliohama. Ni mtu mmoja kila baada ya dakika nane hivi.

Ukoo wa 2,372,015 ni 5, 53 na 8,951, na namba hiyo ina vigawo vinane tu. Tanzania nzima ilikuwa na watu 61,741,120. Hiyo ni namba karimu, inagawanyika kwa njia nyingi: ni 2 iliyozidishwa kwa yenyewe hadi ziwe sita, mara 5, mara 7, mara 43, mara 641. Ina vigawo 112.

Hiyo 641 ina historia. Katika karne ya 17 mwanahisabati Mfaransa Fermat aliamini kwamba 4,294,967,297 ni tasa. Hakuna aliyeweza kumpinga mpaka mwaka 1732, mwanahisabati Euler alipoonyesha kwamba inagawanyika kwa 641. Namba iliyovunja imani ya bingwa yule imo ndani ya hesabu ya Watanzania.

Na anayedhani watu milioni mbili ni namba kubwa kuliko zote za kuwazika, afikirie namba tasa kubwa kuliko zote zilizotangazwa hadi Oktoba 2024. Ina tarakimu 41,024,320. Kama watu wote wa Mara waliohesabiwa 2022 wangepewa waibebe, kila mmoja angebeba tarakimu 17, na 700,065 kati yao wangelazimika kuongezewa moja zaidi.

Sheria ya jirani

Narudi kwenye ile milango miwili iliyonishtua, 47 na 193, kwa sababu ndiyo iliyonifanya niandike makala haya.

Chukua Musoma ya 2012, watu 134,327, isiyopangika. Tuseme alfajiri ile, baada ya karani kufunga daftari, amezaliwa mtoto mmoja. Idadi sasa ni 134,328. Jaribu kuipanga: wawili wawili, inakubali. Watatu watatu, inakubali. Wanne, sita, wanane, 12, 24, inakubali. Mafungu 29, inakubali. Mafungu 193, ule mlango uliokosa mtu mmoja, sasa umefunguka. Kutoka vigawo viwili imepata vigawo 32. Mtoto asiyezidi kilo tatu ameufungua mji mzima. Na kama asubuhi hiyo, badala ya kuzaliwa mtoto, angefariki mzee mmoja, idadi ingekuwa 134,326: vigawo vinane, kimojawapo 47.

Mtu anaweza kusema ni bahati ya namba hiyo. Sivyo, ni sheria. Namba mbili zinazofuatana hazina kigawo cha shirika isipokuwa moja. Sababu yake ni nyepesi. Kama fungu la ukubwa fulani linaipanga namba ya kwanza bila baki, na linaipanga ya pili bila baki, basi lazima lipange pia tofauti yao. Tofauti yao ni mtu mmoja, na mtu mmoja hagawanyiki. Kwa hiyo kila mara mtu mmoja anapoongezeka, vigawo vyote vya zamani, ukiondoa moja, vinafutika na vipya vinaandikwa. Namba mpya haichukui ukoo wowote kutoka kwa jirani yake.

Tumezoea kusema kwamba mmoja katika laki ni tone baharini. Tone likiingia ziwani pale Mwigobero, ziwa haligeuki. Namba inageuka. Idadi ya watu wa Mara iligeuka hivyo, kwa wastani, angalau kila baada ya dakika nane hivi, miaka yote kumi kati ya sensa hizo mbili.

Mkoa huu unalijua jambo hilo kwa njia nyingine. Mwaka 1934 mtoto mmoja wa miaka kama 12 alitoka Butiama, umbali wa kilomita zipatazo 40, akaandikishwa Shule ya Mwisenge mjini Musoma. Daftari la shule liliongezeka jina moja, Nyerere. Miaka 40 baadaye, Novemba 1974, chama cha TANU kilikutana mjini humohumo na kupitisha Azimio la Musoma, lililotaka elimu ya msingi imfikie kila mtoto ifikapo 1977. Halikusema wengi. Lilisema kila mtoto.

Sensa yetu huja kila baada ya miaka kumi. Siku karani atakapobisha hodi tena, katika nyumba nyingi patakuwa na mtu ambaye mwenye nyumba ataona si lazima kumtaja: kichanga cha jana, mjukuu aliyekuja likizo akabaki, bibi asiyetoka kitandani, mtoto mwenye ulemavu anayefichwa chumba cha nyuma. Atawaza kwamba mmoja hapunguzi kitu. Na karani, kwa kutojua, ataandika 134,327, wakati nyumba ile ilikuwa imeshika ufunguo wa 134,328.